Kawia Ufike: John Muir na Homa Iliyombadilishia Njia

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa kitaifa yanapotangazwa, magazeti hujaa picha za vijana waliobebwa juu kwa juu huku wakipigiwa vigelegele. Ni haki yao kushangiliwa. Lakini mimi niliyeshika chaki kwa miaka mingi kabla ya kushika kalamu hii, fikira zangu aghalabu huwaendea wale ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote, si kwa sababu walianguka mtihani, bali kwa sababu hawakuufanya. Wapo waliolazwa hospitalini wiki ile ile ya kuanza. Wapo waliorudishwa nyumbani muhula wa pili wakiwa wagonjwa, na waliporejea wakakuta wenzao wamekwisha kwenda mbele. Katika jamii yetu kijana wa namna hiyo huhesabiwa kuwa amepotea. Jirani humwuliza mamake habari zake kwa sauti ya chini, kana kwamba anatoa rambirambi.

Kwa ajili ya vijana hao, na hasa kwa ajili ya walimu wao, nataka leo nisimulie maisha ya mtu aliyefariki zaidi ya karne moja iliyopita, ambaye dunia inamkumbuka kama bingwa wa kutembea kwa miguu. Jina lake ni John Muir. Wanaomsifu hupenda kutaja milima aliyoipanda na misitu aliyoitetea. Mimi nitazitaja zaidi siku alizolala kitandani, maana naamini kwamba bila siku hizo asingalikuwa mtu tunayemjua.

Muir alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 katika mji wa Dunbar, pwani ya mashariki ya Uskoti. Mwaka 1849 baba yake aliihamisha jamaa hadi Marekani, wakaanza kilimo katika jimbo la Wisconsin, ambalo wakati huo lilikuwa na mapori mengi. Baba huyo, Daniel Muir, alikuwa mshika dini mkali kupita kiasi. Alimlazimisha mwanawe kuhifadhi Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale, na kiboko hakikuwa mbali. Shambani kazi ilianza alfajiri ikaisha giza limeingia, na masomo ya shule yakawekwa kando kwa miaka mingi.

Kisa kimoja cha miaka hiyo hakinitoki akilini. Jamaa hiyo ilipohamia shamba la pili, palikosekana maji. Baba akaamuru kisima kichimbwe, na mchimbaji akawa John peke yake. Chini kulikuwa na mwamba, na baruti ilipojaribiwa haikufaa. Basi kijana akawa anateremshwa kwa ndoo asubuhi na mapema, anaupasua mwamba kwa nyundo na patasi hadi jioni, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Kisima kilipofikia kina cha futi 80 hivi, hewa ya sumu ilijikusanya chini wakati wa usiku. Asubuhi John aliteremshwa kama kawaida, mara akaanza kulegea na kupotewa na fahamu. Kelele za babake kutoka juu ndizo zilizomzindua akajitia katika ndoo, akavutwa juu hoi, akitweta. Jirani mmoja aliyezijua kazi za migodini akawafundisha namna ya kuisafisha hewa hiyo kwa kumwagia maji. Siku chache baadaye John akateremshwa tena, akachimba hadi futi 90, maji yakapatikana. Daniel Muir mwenyewe hakuchimba kisimani humo hata kwa saa moja.

Naomba msomaji alihifadhi tukio hilo, maana tutarejea kwake. Hiyo ni njia moja ya kumtendea mtu aliyepatwa na dhara: kumwacha apumue siku mbili tatu, kisha kumrudisha shimoni.

John alikuwa na kipaji cha ufundi. Kwa kisu na vipande vya mbao alijitengenezea saa, na hata kitanda kilichoinuka chenyewe saa ya kuamka na kumsimamisha mlalaji kwa miguu yake. Vifaa hivyo vilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1861. Huko alisoma kemia na jiolojia, akaipenda elimu ya mimea kuliko zote, lakini mwaka 1863 akaondoka bila shahada. Baada ya muda nchini Kanada alifika mji wa Indianapolis mwaka 1866, akaajiriwa katika kiwanda kilichotengeneza sehemu za magari ya kukokotwa na farasi. Alipenda mitambo, na mitambo ilimtii. Hapana shaka kwamba angalibaki pale angalikuwa tajiri.

Tarehe 6 Machi 1867 alikuwa akilegeza mkanda wa mashine kwa ncha ya tupa. Tupa ikateleza, ikamchoma jicho la kulia. Maji ya jicho yakamdondokea kiganjani, na nuru ikapotea upande huo. Saa chache baadaye jicho la kushoto nalo likafifia kwa kulihurumia mwenzake, na Muir, mwenye umri wa miaka 28, akajikuta kipofu kabisa. Daktari wa kwanza alimkatisha tamaa. Marafiki wakamtafutia daktari bingwa wa macho, ambaye alimwambia kwamba akitulia katika chumba chenye giza, huenda akaona tena.

Akatulia. Kwa muda wa wiki nne hivi alilala gizani bila kusoma, bila kuandika, bila kutengeneza chochote. Miongoni mwa waliomzuru alikuwamo mwalimu mmoja, Catharine Merrill, na watoto walioleta maua na kuketi wakisimuliwa hadithi. Nawaomba walimu wenzangu walizingatie jambo hilo. Mgonjwa yule hakuwa mwanafunzi wa Bi Merrill wala jamaa yake. Hata hivyo alikwenda. Taratibu nuru ikarudi, na jicho lililochomwa likapata kuona tena.

Wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwa Muir mambo yalikwenda kinyume kidogo: koleo halikuvunjika, bali yeye mwenyewe aliuacha uhunzi. Gizani alikuwa amejiuliza angetaka kuona nini kama angejaliwa kuona tena, na jibu halikuwa magurudumu wala mikanda. Tangu ujana alikuwa ametamani kufuata nyayo za Alexander von Humboldt, mtaalamu wa Ujerumani aliyezizuru nchi za Amerika ya Kusini. Sasa akaiaga kazi. Tarehe 2 Septemba 1867, akianzia mji wa Louisville katika jimbo la Kentucky, alishika njia kuelekea kusini akiwa na mfuko mdogo, kibanio cha kukaushia mimea na vitabu vichache. Nia yake ilikuwa kufika pwani, apande meli hadi Amerika ya Kusini, aufuate mto Amazon.

Safari hiyo huitwa ya maili 1,000, yaani kilomita 1,600 hivi. Mkenya na apige picha ya mtu anayetembea kutoka Mombasa hadi Kisumu, kisha akarudi Mombasa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma, na njia zilikuwa na wanyang'anyi. Alipita Kentucky, Tennessee, pembe ya North Carolina na Georgia. Katika mji wa Savannah fedha zilimwishia, na kwa siku kadhaa akilisubiri bunda la fedha kutoka kwa nduguye alilala makaburini, mahali alipoona ni salama kuliko mjini, huku njaa ikimwuma. Alivuka hadi Florida kwa mashua, akaikata rasi hiyo kwa miguu kati ya mabwawa, na tarehe 23 Oktoba akaiona Ghuba ya Meksiko katika kijiji cha Cedar Keys. Alikuwa amefika. Akapata kibarua katika kiwanda cha kupasulia mbao, akisubiri meli.

Siku chache tu baadaye mwili ukamgeukia. Homa ilimkamata njiani akitoka mjini, akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Alipojikokota usiku hadi bwenini mwa wafanyakazi alimwomba mlinzi amsaidie kupanda ngazi hadi kitandani. Mlinzi akakataa. Wafanyakazi wa pale walikuwa na desturi ya kurudi kutoka mjini wakiwa wamelewa, na alimdhania Muir kuwa mlevi mwingine. Mgonjwa akatambaa mwenyewe hadi kitandani, akapoteza fahamu.

Yalikuwa malaria. Wakati huo watu walidhani kwamba ugonjwa huo hutokana na hewa mbaya ya mabwawa, na haikujulikana kwamba mbu ndiye mwenezaji hadi Ronald Ross alipolithibitisha jambo hilo mwaka 1897. Dawa ilikuwa kwinini, na mwenye kiwanda, Bwana Hodgson, alimnywesha. Alipoona kwamba kijana hana nguvu hata ya kusimama, alimhamishia nyumbani kwake, na huko yeye na mkewe walimwuguza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Muir alikuwa mgeni tu, hana jamaa wala deni nao. Hawakumwuliza atarudi kazini lini. Alipopata nafuu alijikongoja hadi chini ya miti, akaketi akitazama ndege wa pwani, akachora, akaandika. Baadhi ya mawazo yake makubwa kabisa, hasa lile kwamba dunia haikuumbwa kwa ajili ya mwanadamu peke yake bali kila kiumbe kina haki ya kuwako, aliyaandika alipokuwa hawezi kutembea hata maili moja.

Hapa ndipo ninapolazimika kusimama na kukiri jambo.

Miaka mingi iliyopita, katika shule moja ya upili ya bweni, nilikuwa mwalimu wa zamu. Wakati wa somo la alasiri mvulana mmoja wa kidato cha tatu alilaza kichwa juu ya dawati. Nilimwamsha, akalala tena. Macho yake yalikuwa mekundu na ulimi mzito. Nilikuwa nimesikia uvumi kwamba baadhi ya wavulana walikuwa wakitoroka usiku kwenda kunywa pombe kijijini, nami sikuhitaji ushahidi zaidi. Nilimsimamisha nyuma ya darasa hadi kengele ilipolia, nikamkemea mbele ya wenzake. Usiku ule alibebwa mpaka hospitalini akiwa hajitambui. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini alipoteza mwaka mzima, na aliporudi alikaa darasa moja na waliokuwa nyuma yake. Aliketi dawati la mwisho, penye ukuta ule ule nilipomsimamisha. Nilimfundisha miaka miwili baada ya hapo. Sikumwomba radhi hata mara moja.

Niliposoma habari za yule mlinzi wa Cedar Keys nilijitambua papo hapo. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa amewaona walevi wengi hata hakumwona mgonjwa mmoja.

Turudi kwa Muir. Mnamo Januari 1868 alipanda jahazi hadi Kuba, akiwa bado mdhaifu. Alikaa huko mwezi mmoja hivi, lakini hakuweza kuipanda milima ya kisiwa hicho, na meli ya kumpeleka Amerika ya Kusini haikupatikana. Hapo alifanya jambo ambalo wengi wetu tungeliita kushindwa: aliiacha safari. Aliazimia kwenda California, ambako hewa ilikuwa baridi na kavu, angalau mpaka nguvu zimrudie. Alipitia New York na Panama, akafika San Francisco mwishoni mwa Machi 1868, kisha akatembea hadi bonde la Yosemite katika milima ya Sierra Nevada.

Yaliyofuata ndiyo yaliyompa jina. Mwaka 1869 alipanda milimani na kundi la kondoo. Mwaka 1871 aliandika gazetini kwamba mabonde yale yalichongwa na mito ya barafu, jambo ambalo mwanajiolojia mkuu wa jimbo alilidhihaki, na baadaye wataalamu wakakubali kwamba barafu ndiyo iliyofanya kazi kubwa. Alioa mwaka 1880, akawa mkulima wa matunda mwenye mapato mazuri, lakini kazi hiyo ikamkondesha na kumdhoofisha, hata mkewe, Louie, akamhimiza arejee milimani kwa ajili ya afya na uandishi wake. Makala zake zilisaidia kuifanya Yosemite mbuga ya kitaifa mwaka 1890. Mwaka 1892 alikuwa mmoja wa waasisi wa chama cha Sierra Club, akawa rais wake hadi kufa. Mwaka 1903 Rais Theodore Roosevelt alilala naye porini usiku mara tatu, akimsikiliza akiitetea misitu.

Sitaki kumchora kama malaika. Katika maandishi yake ya ujana, yakiwamo ya safari ile ya kusini, aliwaeleza Wamarekani weusi na wenyeji wa asili wa Marekani kwa maneno ya dharau, na mwaka 2020 chama chake mwenyewe kilikiri jambo hilo hadharani. Bonde alilolisifu kwa usafi wake lilikuwa na wenyewe, Waahwahneechee, ambao wanamgambo waliwatimua mwaka 1851. Msomaji wa Kenya, anayejua jinsi ardhi ilivyobadilishwa wenyewe wakati wa ukoloni, hahitaji kufafanuliwa uzito wa habari hiyo. Mtu aliyepokewa akiwa mgonjwa na asiye na kitu angeweza kujifunza huruma pana zaidi ya ile aliyojifunza.

Na ile safari ya Amazon je? Hakuisahau. Mnamo Agosti 1911, akiwa na umri wa miaka 73, Muir alisafiri hadi Amerika ya Kusini na kuupanda mto ule aliokuwa ameukusudia miaka 44 nyuma. Kutoka huko alivuka bahari hadi Afrika, akaitazama mibuyu karibu na maporomoko ya Victoria, na mwanzoni mwa 1912 akateremka Mombasa. Naam, mzee huyo alipita hapa kwetu. Alipanda gari la moshi hadi Nairobi na Ziwa Viktoria, akavuka hadi maporomoko ya Ripon, mahali Nile inapotoka ziwani. Maporomoko hayo hayaonekani tena, kwani yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen lililofunguliwa mwaka 1954. Muir mwenyewe aliishi kuona sheria ikipitishwa mwaka 1913 ya kulizamisha bonde la Hetch Hetchy alilolipigania kwa miaka mingi. Alifariki kwa nimonia tarehe 24 Desemba 1914 huko Los Angeles. Mwaka uliofuata ilianza kutengenezwa njia ya miguu yenye jina lake, ya kilomita 340 hivi, kutoka Yosemite hadi mlima Whitney. Ilikamilika mwaka 1938, miaka 100 tangu azaliwe, na hadi leo wapenda safari ndefu hutoka pembe zote za dunia kuja kuitembea.

Ndugu msomaji, nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba ugonjwa ni baraka. Malaria ni malaria, na bila kwinini na nyumba ya Hodgson, Muir angalizikwa Cedar Keys na dunia isingalijua kwamba aliwahi kuwako. Wala sisemi kwamba alishinda kwa ukaidi. Kinyume chake, kila mara mwili ulipomwambia simama, alisimama. Alilala gizani wiki nne. Aliuguzwa miezi mitatu bila kuona haya. Aliacha njia aliyoipanga akashika nyingine, na ile ya kwanza akaiwekea akiba ya miaka 44. Wanafunzi huambiwa kila siku wasikate tamaa. Ni mara chache wanapoambiwa kwamba kupumzika na kubadili njia si kukata tamaa.

Kwa walimu nina ombi moja. Mbele yetu pana njia mbili, ile ya kisimani na ile ya Cedar Keys. Mwanafunzi akiugua, na apelekwe kwa daktari kabla ya kuulizwa maswali. Akilazwa, mmoja wetu na aende kumwona, hata kama si wa darasa lake. Wenzake na wamwandikie maelezo ya masomo aliyoyakosa. Akirudi, asiketishwe nyuma kama mgeni, wala asiharakishwe kufidia muhula mzima kwa wiki mbili. Mambo hayo hayahitaji fedha wala waraka kutoka wizarani.

Na kwako wewe kijana ambaye jina lako halikusomwa mwaka huu: wazee wetu walisema kawia ufike. Hawakusema mwenye kufika kwanza ndiye pekee aliyefika.

Nami nimekawia sana kusema neno langu. Yule mvulana wa dawati la mwisho sasa ni mtu mzima, na huenda analisoma gazeti hili. Kama analisoma, namwomba radhi.